Mzinga Usiopakwa Rangi

Gerson alikuwa na makopo matatu ya rangi na brashi moja iliyokaribia kuisha manyoya, na kwa vitu hivyo aliendesha kazi ya kuvusha mizigo ya watu mpaka Burundi. Uani kwake Ng'ambo, mjini Tabora, hakufika mtu mwenye mzigo wa kujaza lori. Huyu alileta magunia machache ya mchele, yule ndoo za asali, mwingine cherehani ya binti yake aliyeolewa Muyinga. Gerson aliwakusanya, akawapangia nafasi katika lori moja, na kila kipande akakipaka rangi na herufi za mwenyewe, ili huko kinakoshushwa watu wasije wakashikana mashati. Asiyetaka kuchangia lori na wenzake alikuwa huru kukodi lori zima. Wengi wetu hatuna mzigo wa kujaza lori zima, tukiwa hai wala tukiwa tumekufa.

Apolinaria alikuja na mizinga minane ya nyuki. Saba ilikuwa mipya, ya magome ya myombo, imefungwa kwa kamba na kuzibwa huku na huku kwa vifuniko vya nyasi zilizosukwa. Wa nane ulikuwa wa zamani, gome limeiva mpaka likawa jeusi, na ndani yake alikuwamo baba yake. Nasema mapema, maana sipendi kumzungusha mtu kwa jambo kama hili. Ilikuwa mifupa tu, imeoshwa, imefungwa kwa kitambaa cheupe, na kukazwa kwa kamba kwenye sakafu ya mzinga ili isigongane njiani.

Baba huyo, Mzee Nikolaus, alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana bado, wakati watu wa kwao walipokuwa wakiuawa. Alipelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu pamoja na maelfu ya wenzake, akapewa kipande cha msitu, akaambiwa lima. Akalima tumbaku ambayo hakuipenda hata siku moja, na akafuga nyuki ambao aliwapenda kuliko alivyoonyesha kuwapenda wanawe. Alioa huko, akazaa huko, baadaye akapewa uraia wa Tanzania na kuushangilia kwa dhati. Lakini alipolala kitanda cha mwisho alimshika Apolinaria mkono akasema, "Msiniache huku. Mkanilaze na mama."

Mama yake mwenyewe aliuawa mwaka ule ule wa kukimbia. Aliyemzika alikuwa Gaudensia, dada yake Nikolaus, msichana mdogo aliyechimba peke yake kwa jembe, harakaharaka, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepaona. Nikolaus hakuwahi kuliona kaburi hilo. Apolinaria na mdogo wake Vedasto walimjibu baba yao ndiyo, kama watu wote wanavyomjibu mtu anayekufa, kisha wakamzika nyuma ya bani la kukaushia tumbaku na kuendelea na maisha.

Miaka ikapita. Halafu ikaja simu kutoka ng'ambo ya mpaka. Shangazi Gaudensia alikuwa taabani kwa ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, kupumua kwa shida. "Ninayejua alipolala mama ni mimi peke yangu," alisema. "Nikiondoka, mama anapotea, na Nikolaus hana tena pa kulala. Mleteni nikiwa bado na macho."

Apolinaria alianza kwa njia iliyonyooka. Alikwenda ofisi ya serikali, akaketi, akaelezwa bila ukali wowote: amri ya mahakama ya kufukua, kibali cha afya cha huku, kibali cha afya cha kule, jeneza la kuzibwa kwa bati, gari la peke yake. Hakudhulumiwa, aliambiwa ukweli. Ila alitoka pale akijua kwamba ukweli ule ni mrefu kuliko siku alizobakiza shangazi yake.

Basi Vedasto alichimba, kulipopambazuka, na Apolinaria akaiosha mifupa kwa maji ya vuguvugu kama alivyowahi kuwaosha watoto. Alilia kidogo tu. Kilichomliza ni wepesi wa baba yake. Wakamweka katika mzinga wa mwisho aliouchonga kwa mikono yake, ambao alikuwa ameshaupaka nta kwa ndani na hakuwahi kuutundika. Wazo la mzinga lilikuwa la Apolinaria. Kikundi chake cha wanawake kilishawahi kupeleka mizinga Burundi kwa lori la Gerson, na mzinga mmoja katikati ya mizinga mingine hauulizwi na mtu.

Tena mzinga huo ulikuwa na alama. Kila mfuga nyuki wa Ulyankulu ana yake, na ya Nikolaus ilikuwa mikato miwili ya mshazari na tundu dogo la moto katikati. Mgeni hawezi kuelewa alama hizo zina nguvu gani. Mtu anaweza kupita msituni na njaa yake, akakuta mzinga unatiririka asali, akaona alama ya mwenziwe, akapita. Anayegusa mzinga wenye alama ya mtu hapigwi wala hashtakiwi. Haamkiwi tu tena, yeye wala nyumba yake, na wapo waliohama kwa sababu hiyo. Apolinaria alikulia ndani ya sheria hiyo, hakuwahi kuwaza kwamba ina mwisho wake mahali fulani barabarani.

"Zako ni AP, nyekundu," alisema Gerson, akachovya brashi. Akaipaka ile saba mmoja baada ya mwingine, AP, AP, herufi kubwa zenye kuchuruzika. Alipofika kwa wa nane, Apolinaria aliweka kiganja juu ya gome.

"Huo usiupake, kaka Gerson."

"Una nini huo?"

"Una alama yake."

Gerson aliinama akaitazama. Alikuwa mtu wa mjini, mtoto wa Wamoravian wa Tabora, asali aliifahamu ikiwa ndani ya chupa. "Alama ya nani?"

"Ya baba."

"Mama yangu, alama ni ya porini. Kwenye lori ni rangi. Mzigo usio na rangi ni yatima, haujulikani nani mzazi wake."

"Watu wa nyuki wataiona."

"Na wasio wa nyuki?"

Apolinaria aliwatazama watu waliokuwa wakingoja. Angesemaje? Kwamba hawezi kusimama na kutazama baba yake akipakwa rangi mgongoni kama gunia la mtu? Alikiacha kiganja chake pale pale, na uso wake ukamfanya Gerson aone haya bila kujua anaona haya ya nini. Nyuma yao watu walikuwa wakinung'unika, jua limepanda, dereva anataka kuondoka.

"Haya," alisema Gerson. "Lakini mimi nimesema."

Dereva aliitwa Lugembe, Msukuma wa Ziba, mcheshi, mwenye mabega ya mtu aliyelelewa na ng'ombe. "Shikamoo, mama," alimwambia, na alipoitikiwa marahaba akauliza, "Huu wa kwako wa heshima tuuweke wapi?"

"Juu, baba. Usiwekewe kitu."

"Utakaa juu kama mwenyekiti," alisema Lugembe, akaupandisha mwenyewe, akaulaza juu ya magunia ya mchele, akafunika turubai. Karibu na hapo ilikuwamo mizinga mingine thelathini, yenye rangi ya kijani, mali ya chama kimoja cha wafuga nyuki wa upande wa Cankuzo. Apolinaria aliiona akafurahi. Alidhani baba yake amepata watu wa kumwelewa njiani.

Yeye alitangulia kwa basi, Nzega, Kahama, Nyakanazi, mpaka Kabanga, akavuka, na kesho yake akawa kwenye kilima cha Kigarama mbele ya kitanda cha shangazi yake. Hawakuwahi kuonana. Gaudensia alimpapasa uso na mikono kama anayenunua kitambaa.

"Una viwiko vya Nikolaus," alisema. "Yuko wapi?"

"Yuko njiani, shangazi."

"Na nani?"

"Na mizigo ya watu."

Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa. "Alikwenda na watu, anarudi na watu. Vizuri."

"Nionyeshe mahali, shangazi, tuanze kuchimba. Akifika tumlaze."

"Mlete kwanza."

Apolinaria alidhani ni ukaidi wa ugonjwa. Haikuwa hivyo. Shamba lile la zamani lilikuwa la watu wengine sasa, migomba imejaa bondeni mpaka juu, na wenyewe hawakujua wanapalilia juu ya nani. Wakijua kuna maiti wa mwaka ule ndani ya shamba lao, wataogopa kunyang'anywa na warithi wa zamani, na mtu mwenye hofu ya ardhi hulala na jembe. "Nikikuonyesha wakati huna cha kuzika," alisema Gaudensia, "nitakuwa nimewaonyesha wao. Usiku mmoja tu watamtupa mtoni. Nimemlinda maisha yangu yote, mwanangu. Sikuolewa mbali kwa ajili yake. Siku Nikolaus akiwa mikononi mwenu nitabebwa, nitanyoosha kidole, mtachimba, mtafukia, basi."

Ilikuwa hesabu ya mtu aliyeishi na hofu tangu utotoni, na Apolinaria hakuweza kuikosoa. Akaketi kusubiri lori.

Lori halikuja. Ilikuja simu ya Lugembe kutoka mpakani, sauti imepoa. Mwenye mchele aliandikisha magunia pungufu kuliko aliyopakia, maofisa wameona, na sasa lori zima lazima lishushwe na kuhesabiwa upya. "Kosa la mtu mmoja, mama, tunashushwa wote," alisema. "Ndiyo ubaya wa kuchangia."

"Na mizinga?"

"Yote iko ghalani. Haina tatizo. Ni zamu tu."

Zamu hiyo ilikula juma na zaidi. Kila jioni shangazi aliuliza, "Yuko wapi?" na kila jioni Apolinaria alijibu, "Mpakani." Mwanzoni yule mgonjwa alikuwa akicheka, anasema ndugu yake mpaka ule ulimsumbua akienda na unamsumbua akirudi. Baadaye aliacha kucheka. Alianza kuhema kwa mdomo.

Mizigo ilipoachiwa, Lugembe alishapewa safari nyingine. Kila kitu kiligawanywa kwa rangi na kupakiwa katika magari madogo madogo, kila gari na upande wake. Apolinaria alikwenda Muyinga kupokea vyake, na karani wa pale, kijana mwenye adabu, alimtolea mizinga mmoja mmoja na kuipanga ukutani. AP, AP, AP. Saba.

"Mmoja bado," alisema Apolinaria.

"Nyekundu zimekwisha, mama."

"Ule hauna rangi."

"Visivyo na rangi havijaja huku."

Alitoka nje. Akampigia simu Gerson, Tabora, na Gerson akamsikiliza mpaka mwisho. Hakusema nilikwambia. Apolinaria alikuwa amejiandaa kulisikia neno hilo, na kutolisikia kulimuumiza zaidi. Gerson alipiga simu zake, akarudi na habari kamili, maana alikuwa mtu wa kazi. Kule mpakani, wakati wa kushusha, mzinga mmoja wa kijani ulianguka ukapasuka vipande. Wapagazi wakaona kuna mzinga mmoja umelala peke yake hauna rangi, wakautia kwenye kundi la kijani kuziba pengo. Mizinga ikahesabiwa, ikatimia thelathini, ikatiwa saini, ikaenda zake Cankuzo. Hakuna aliyeiba. Wapagazi walikuwa watu wema waliotaka hesabu isipungue.

"Waliiona alama?" aliuliza Apolinaria.

"Waliiona," alisema Gerson taratibu. "Wakadhani ni urembo."

Kule kwenye chama walimpokea vizuri mno, na wema wao ulikuwa adhabu. Mizinga ilikwisha gawiwa kwa wanachama, vilima vitatu mbali mbali, wengine wameshatundika. Kwani mama ana wasiwasi gani? Mzinga mmoja tu. Achukue mwingine yeyote, mpya, mzuri kuliko huo wake wa zamani. Apolinaria alilia pale mbele yao kwa kwikwi, mtu mzima mwenye wajukuu, analilia gome. Mwenyekiti wa chama alimletea maji na kumuuliza kama nyumbani kwake kuna mtu wa kumtunza.

Hakuweza kuwaambia. Kusema ni kukiri kwamba amefukua kaburi na kuvusha maiti mpaka bila kibali cha mtu yeyote. Wangeitwa askari, mifupa ingeshikwa kuwa kielelezo, na shangazi angekufa huku baba amewekwa juu ya rafu na kufungiwa karatasi ya namba. Kwa hiyo aliendelea kuwa mwanamke mwenye kichaa cha mzinga. Alipanda na kushuka vilima, mzinga mmoja mwekundu wa kubadilishana begani, shingo imekunjwa nyuma, anasoma matumbo ya mizinga juu ya miti. Kirundi chake cha Ulyankulu, kilichochanganyika na Kiswahili na Kinyamwezi, kiliwachekesha watoto, wakawa wanamfuata.

Jioni alirudi Kigarama kila alipoweza. "Yuko wapi?" shangazi aliuliza, sasa kwa midomo zaidi kuliko sauti.

"Yuko karibu."

"Unasema uongo?"

"Sisemi uongo, shangazi. Yuko nchi hii hii. Nionyeshe basi, nakuomba. Niambie hata kwa neno moja. Upande wa mto? Upande wa juu?"

Gaudensia alimtazama. Palikuwa na huruma ndani ya macho yale, lakini hofu ilikuwa na umri mkubwa kuliko huruma. "Mlete kwanza," alisema.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Siku ya pili yake alfajiri walimkuta amegeukia ukutani, mdomo umefungwa kabisa. Apolinaria alisaidia kumwosha na kumvika, akaimba na wenzake, akatupa udongo, na muda wote huo alimkasirikia maiti. Hasira yake ilikuwa ya kweli na hakuionea aibu. Alitamani kumtikisa mabega, amuulize alikuwa anamlindia nani siri hiyo, na sasa nani ataitunza. Baada ya mazishi alikwenda peke yake kwenye migomba, akatembea toka bondeni mpaka juu. Ardhi ilikuwa imepaliliwa vizuri, sawasawa kila mahali, hakuna tuta, hakuna jiwe, hakuna alama. Mke wa mwenye shamba alitoka akamuuliza amepoteza nini.

"Napita tu, dada," alisema.

Aliuona mzinga wakati alipokuwa ameshaacha kuutafuta kwa matumaini, anautafuta kwa sababu hajui afanye nini kingine. Ulikuwa juu ya mparachichi, uani kwa mzee mmoja aitwaye Elieza. Mikato miwili ya mshazari, tundu katikati. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

Elieza alimwona akitazama, akaja na tabasamu la mtu mwenye kitu cha kujivunia. "Ni wa Tabora huo," alisema. "Wenzangu wote bado wanangoja nyuki, na wengine wanapaka nta mpaka wamechoka. Mimi wangu, sikuufungua wala sikuugusa, nimeutundika vile vile ulivyozibwa, juma lile lile wakaingia. Uzito wake tu ulinionyesha kuwa fundi wake hakufanya mchezo. Nimewaambia watu, mzinga huu una bahati."

Apolinaria alitaka kumwambia kwamba ni mzinga wa baba yake, na angempa mwingine, wakabadilishana, kila mtu akaenda zake. Hayo ndiyo aliyoyapanga njia nzima. Lakini alikuwa amechoka kupita kiasi cha kudanganya, na yule mzee alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza.

"Mzee wangu," alisema, "humo ndani yumo baba yangu."

Elieza alicheka kidogo. Kisha akaacha. Akamvutia kigoda, akaketi chini kando yake, akasikiliza habari yote tangu bani la tumbaku mpaka mdomo wa Gaudensia uliofungwa. Hakuuliza kibali. Yeye mwenyewe alikuwa na watu wa mwaka ule ambao hajui walipolala.

Jua lilipopungua ukali aliwasha moshi, akapanda, akaushusha mzinga kwa kamba polepole, kama anayeteremsha mtoto aliyelala. Akafungua kifuniko cha nyuma. Masega yalikuwa mapya, meupe, yameshuka kutoka juu mpaka kwenye kile kitambaa. Nyuki walikuwa wamekitafuna kitambaa sehemu moja, na hapo nta ilikuwa imeshikana na mfupa. Seli nyingine zilikwisha jaa asali. Nyuki walitembea juu ya vyote bila kubagua.

Elieza alivua kofia. Alikaa hivyo, kofia mkononi, mpaka nyuki wawili walipomuuma shingoni, na hata hapo hakujipiga. "Tangu nikiwa kijana napakua asali," alisema. "Sikujua."

Apolinaria hakuweza kugusa. Elieza ndiye aliyefanya kazi ile, kwa kisu na manyoya ya kuku, akayakata masega, akawahamishia nyuki kwenye ule mzinga mwekundu ambao Apolinaria alikuja nao. Asali hakuilamba hata kidole. Aliichimbia shimo na masega yake yote, akanawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Mifupa akaifunga upya katika shuka safi la mkewe, akairudisha ndani ya mzinga wake.

"Ardhi yangu ni ndogo," alisema alipomaliza. "Lakini mtu mmoja aliyelala hali chakula. Mlaze hapa, chini ya mparachichi. Ni nchi yake hii."

Lilikuwa neno la mtu mwema, na Apolinaria alilipokea kwa mikono miwili. Akaliwaza kwa muda. Lakini baba yake hakusema mkanilaze Burundi. Alisema na mama. Kulala katikati ya wageni alikwisha kulala, Ulyankulu, na kule angalau wajukuu walikuwa wakipita karibu yake kwenda kuchota maji. Hapa angekuwa mgeni wa Elieza, na Elieza akifa, mgeni wa mtu asiyejua. Alifikiri migomba ile iliyopaliliwa sawasawa, akaona hawezi kumwacha baba yake katika nchi ambayo mama yake mwenyewe amepotelea ndani yake.

Alimpigia simu Vedasto. "Lile shimo ulilifukia?"

"Bado, dada. Mvua zimenizuia."

"Liache lilivyo."

Vedasto alisikika akivuta kamasi, kisha simu ikakatika.

Kule Muyinga gari la kurudi lilikuwa likipakia. Magunia ya maharage ya mtu wa Kahama, katoni za sabuni, vitanda vya chuma vya mtu wa Nzega, ndoo za mawese za mama mmoja wa Tabora. Dereva alikuwa Lugembe, amerudishwa kwenye njia yake. Alipomwona Apolinaria na mzinga mweusi kichwani akafungua mikono.

"Shikamoo, mama! Umepatikana! Lakini nani anatoa mizinga Burundi kupeleka Tabora? Si ni kama kupeleka mchele Shinyanga?"

"Marahaba, baba. Hawakuutaka huku."

Lugembe alitazama uso wake, ucheshi ukamwisha. Alivua kilemba alichojifunga kujikinga na vumbi na kuusaidia mzinga kushuka. Yule karani kijana alikuja na kopo na brashi. Alimkumbuka, akasita, akasimama mbali kidogo. "Mama," alisema, "samahani. Huu tena tusiupake?"

"Nipe mimi."

Aliichukua brashi. Ilikuwa rangi nyekundu, nzito, imeanza kuganda pembeni ya kopo. Alipiga magoti mbele ya mzinga kama alivyopiga magoti kumwosha, akaandika kwa herufi kubwa kubwa, bila kuharakisha, akipitisha brashi juu ya gome pale pale palipokuwa na mikato miwili na tundu: NIKOLAUS, ULYANKULU. Rangi iliingia ndani ya mikato ikaijaza, na alipomaliza alama haikuonekana tena.

Lugembe alisoma kwa sauti. "Nikolaus ndiye wa kuupokea?"

"Ndiye."

"Tuuweke juu, kama siku ile?"

"Weka pamoja na ya wenzake," alisema Apolinaria, akaushika upande mmoja, wakaupandisha pamoja. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika viganjani. Alijaribu kuifuta kwa kanga, kisha kwa majani, na walipofika Nyakanazi ilikuwa bado haijatoka.